Mlango Ulifungwa

Saa nne, wenzake wako kwenye uji,
alisimama kizingitini mwa ofisi yangu
sweta limeloa, maana mvua ya Tukuyu
haimsubiri mtu afike.
Akasema: Mwalimu, usimwambie mtu.

Sitamwambia. Neno lilishafika mdomoni,
nikalimeza. Nikasema: nitawaambia wale tu
ambao kazi yao ni kukulinda.
Akatazama viatu vyake. Nilidhani ataondoka.
Hakuondoka.

Sikumuuliza kwa nini, wala mbona leo.
Sikumtajia jina, asije akaliokota kwangu.
Nilifungua kaunta buku: tarehe, saa, tuliopo.
Naye akasema polepole, kama anayevuka
mto Kiwira kwa mawe,
akilipima kila moja kabla ya kulikanyaga.

Jina alilitaja mwenyewe. Lwitiko.

Kwa Kinyakyusa Lwitiko ni imani.
Kijana wa kujitolea, anafundisha mpira bila posho,
madarasa mawili kayapaka chokaa,
na mama yangu alimbeba mgongoni
siku gari liliponasa kwenye tope la Katumba.
Funguo za stoo nilimpa mimi,
kwa mkono huuhuu ulioshika kalamu.

Nilipomaliza, nilimsomea.
"Alinituma nirudishe mipira stoo. Mlango ulifungwa."
Akatikisa kichwa.
Sijasema hivyo.
Umesemaje?
Nimesema alifunga.

Herufi moja. W,
ndogo kama sisimizi juu ya mstari,
na mtu mzima anaenea nyuma yake.

Ninaijua W hiyo. Miaka kumi na tisa nyuma,
Makete, baridi ya kupasua midomo,
ofisi nyingine, mtoto mwingine.
Nilikuwa mgeni kazini, nikashika muhuri tu.
Malalamiko yalipokelewa. Wazazi walitulizwa.
Ng'ombe alitolewa. Mwalimu alihamishwa
kwa barua nzuri, hata mwandiko niliusifia.
Alihamishiwa wapi, sikuuliza.
Huko nako kulikuwa na watoto.

Nikalikata neno kwa mstari mmoja,
nikasaini pembeni, nikaandika: alifunga.
Akasoma, kidole kikifuata herufi.
Ndiyo, akasema. Hivyo.

Kisha simu. Ustawi wa jamii kwanza,
halafu dawati la watoto, kituoni.
Yule afisa, sauti inakatikakatika:
usimhoji, Mwalimu. Chukua funguo,
asiwe karibu na watoto, sisi tunakuja.

Nilimwita Lwitiko. Sikumwita mwovu.
Kuna taarifa imeletwa, nilisema,
na W ile niliitumia makusudi
kumficha aliyeileta.
Akaweka funguo mezani, na filimbi,
ambayo sikuwa nimeiomba.
Alilia. Sijui kilikuwa kilio cha nani,
cha aliyesingiziwa, au cha aliyejulikana.
Wapo wanaolipwa kulijua hilo.
Lakini nilitamani kulijua. Usiku kucha nilitamani.

Jioni alikuja Mwankenja, mwenyekiti wa kamati,
na mkungu wa ndizi begani.
Mwalimu Sekela, tuyamalize kinyumbani,
shule itachafuka.
Shule si shuka, nikamwambia.
Akasema kijana ana mchumba. Akasema watoto huota.
Nikamkaribisha chai, akainywa yote,
akarudi na ndizi zake.

Leo ukungu umeumeza mlima Rungwe wote.
Darasa la sita wanauliza mipira iko wapi.
Nimefungua stoo mwenyewe,
nikauegemezea mlango jiwe.
Harufu ya ngozi na mafuta ya taa.
Wamechukua mipira, wamekimbia, wanapiga kelele
kama watoto.

Yeye hakuja.
Nimeandika kwenye mahudhurio: hakuja.
Tukishatoa madaftari nitapanda kwao, juu kule
kwenye chai, na sweta kavu
la binti yangu. Sina la kumwambia.
Nitabisha hodi, ningoje
afungue yeye.